Uzoefu wangu: fundi wa Kamalondo na masi (njia ya umeme kurudi batrini) ya tangi la Land Rover

Gari langu ni Land Rover Series III, ile fupi ya esansi (petroli). Mshale wa geji ya mafuta ulikuwa umelala chini muda wote, hata nikitoka kujaza tangi. Mjini Lubumbashi unaweza kuvumilia. Lakini barabara ya Likasi, kilomita kama 120, haiendeki kwa kubahatisha, na kuchovya kijiti tangini kila asubuhi kulinichosha kabisa.

Garaji ya kwanza walinisikiliza kidogo tu wakakata shauri: floteri, yaani kifaa cha ndani ya tangi kinachopima mafuta, imekufa, agiza mpya Afrika Kusini. Hakuna aliyeshika waya hata mmoja. Jambo hilo liliniudhi, maana kipuri chenyewe si cha bei ndogo. Jirani akanielekeza kwa kijana fundi wa umeme wa magari anayefanyia kazi uani, mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi.

Huyu alianza na swali: "Papa, geji ya joto la injini inapanda vizuri?" Nikamwambia inapanda. Akasema basi stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, ni nzima, kwa sababu kwenye Series III ndiyo inayozilisha geji zote mbili volti 10. Akainua kiti cha mbele, ambacho tangi liko chini yake, akachomoa kwenye floteri waya wa kijani wenye mstari mweusi, akauunga na shasi kwa kipande cha waya. Baada ya hapo tu ndipo aliponiambia niwashe kontakti (swichi ya ufunguo), ili cheche isiruke karibu na mvuke wa esansi. Mshale ukapanda taratibu mpaka juu kabisa. Geji hizi huendeshwa na joto ndani yake, kwa hiyo hazirukiruki. Mpe mshale muda kabla ya kusema umekufa.

Kumbe geji nzima, waya mzima. Akazima kontakti, akaweka multimeta (kipima umeme) kati ya kifuniko cha floteri na hasi ya batri: hakuna njia ya umeme kabisa. Mwenye gari aliyenitangulia aliliziba tangi na kulipaka rangi nene, ikaingia hadi kwenye matundu ya buloni (boliti). Bomba la kujazia nalo ni la mpira. Umeme unatoka kwenye geji, unapita kwenye floteri, halafu unatakiwa urudi kupitia mwili wa tangi. Ukikosa pa kurudia, geji inaonyesha tangi tupu, kwa kuwa kwenye gari hili ukinzani mkubwa ndio unaomaanisha mafuta yamekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Alitoa hasi ya batri, akabana kosi (vichwa vya chuma vya kufungia waya) kwenye ncha za waya mweusi kule nje, mbali na tangi, akakwangua rangi chini ya skrubu moja ya floteri mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, akafunga ncha moja hapo. Ncha ya pili aliifunga kwenye shasi. Nilimuuliza kwa nini asifunge kwenye bodi iliyo karibu zaidi. Akanionyesha unga mweupe pale aluminiamu ya bodi inapokutana na chuma: pakiliwa hivyo, masi haidumu. Akaweka washa zenye meno na kupaka vaselini juu. Multimeta ikasoma chini ya omu moja. Mshale ukapanda ukasimama robo tatu, na kijiti changu kikakubali.

Sikupenda mambo mawili. Waya aliuacha mrefu, ukining'inia chini ya kiti mahali ambapo unaweza kusuguliwa. Ilibidi nimwombe aufunge. Risiti pia hatoi. Ila malipo yake hayakufika hata karibu na bei ya floteri, na tangu hapo mshale hauyumbi hata kwenye mashimo ya barabara ya Kipushi.

Wenye Land Rover za zamani, mpelekeeni kwanza kabla ya kuagiza chochote. Nendeni asubuhi, maana mchana uani kwake hakuna pa kuweka gari.