Kufungwa vyuma mgongoni: upasuaji huu unamfaa nani, na unaishi nao vipi ukiwa Dodoma

Upasuaji wa kuunganisha pingili (mifupa ya uti wa mgongo) kwa vyuma tunaupa alama za juu kwa kazi moja: kutuliza pingili iliyoteleza au inayocheza mpaka ikabana mishipa ya fahamu ya miguuni. Kwa maumivu ya kiuno tu, yasiyo na chanzo kinachoeleweka, alama zinashuka sana. Anayekuahidi kwamba utaamka maumivu yameisha usimsikilize.

Muulize daktari: pingili ipi inacheza, na picha gani inaonyesha? MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ambacho Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inacho, unapigwa umelala, hivyo pingili inayoteleza ukisimama inaweza isionekane vizuri. Ulizia eksirei za kusimama: moja umeinama mbele, nyingine umejikunja nyuma. Diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa peke yake zisikupeleke kwenye kisu, maana ukiwapima watu wa miaka 50 wasioumwa chochote, wengi utawakuta nazo. Na kama una homa za jioni, jasho la usiku na unapungua uzito, ipimwe kwanza TB ya mgongo, na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, pia kwa wanaokunywa maziwa mabichi. TB ya mgongo mara nyingi inapona kwa dawa, na dawa zenyewe ni bure.

Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 uliofuatilia wagonjwa 349 wa maumivu ya kiuno, wengine wakifanyiwa upasuaji huu, wengine wakipewa mazoezi tiba ya siku 5 kwa wiki, wiki 3 mfululizo. Baada ya miaka 2 tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Mazoezi ya kiwango hicho ndiyo kipimo cha kusema umejaribu fiziotherapia. Kukandwa na kuwekewa joto mara moja kwa wiki hakuhesabiki.

Ukishaamua, ujue unachonunua. Unalazwa kifudifudi, misuli inasogezwa pembeni, na kila pingili inaingizwa skrubu mbili, kushoto na kulia. Kuunganisha pingili mbili ni skrubu 4 na fito 2, mara nyingi za titani. Diski ikitolewa, mahali pake huwekwa kizimba kidogo kilichojazwa vipande vya mfupa wako mwenyewe, vya hapo hapo mgongoni au vya nyonga. Vyuma hivyo ni kama mbao za kufungia zege, kazi yake ni kushika mpaka mfupa ugande, na kuganda kunachukua miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Mfupa usiposhika, skrubu inalegea au fito inakatika, kwa sababu chuma kinachokunjwakunjwa kila siku huchoka. Adui mkubwa hapa ni nikotini. Wazee wetu wengi wanaacha sigara wanabaki na ugoro, na huo nao una nikotini. Uache wiki kadhaa kabla ya upasuaji, usiurudie mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Sukari isiyodhibitiwa nayo inachelewesha kupona na kuleta usaha kwenye kidonda. Diklofenaki za dukani usizimeze bila kumuuliza aliyekupasua.

Bei iulizwe kwa mafungu: vipandikizi (skrubu, fito na kizimba) peke yake, chumba cha upasuaji, vipimo, kitanda. Vipandikizi ndivyo vinavyoshtua watu, kwa hiyo hakikisha kwa maandishi kama bima yako inavilipia. Ukipewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar, safari ya kurudi ipange mapema. Basi ni kilomita kama 450 za kukaa. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ni chini ya saa 4 na unaweza kusimama na kutembea kwenye behewa. Kwa mgongo mbichi, treni inashinda mbali.

Nyumbani ndiko kazi inakoharibikia. Wiki 6 za mwanzo usinyanyue zaidi ya kilo 5 hivi, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mtu wa kuchota maji atafutwe kabla hujalazwa. Choo cha kuchuchumaa kinakunja kiuno kabisa. Fundi seremala wa mtaani akutengenezee kiti chenye tundu, kimo cha sentimeta 45 au zaidi kidogo, chenye mikono ya kujisukumia. Mkekani usilale. Kutoka kitandani, geuka ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Kufagia kwa fagio fupi, bodaboda na bajaji za barabara za vumbi viache mpaka daktari aruhusu. Anayeswali aswalie kwenye kiti. Dawa kali za maumivu zinafunga choo, na kukamua kunauma mgongo mzima: maji mengi, papai, na mlenda, ambao hapa hauhitaji kutafutwa.

Kutembea ndiyo dawa kuu, kuanzia siku ya kwanza au ya pili, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Mkanda wa kiuno, ukipewa, uvae kwa muda ulioambiwa tu, maana hauunganishi mfupa. Mwenye shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi asihesabu msimu huo: kupogoa na kubeba makreti kunasubiri eksirei, mara nyingi baada ya miezi 6.

Pingili za jirani zitabeba mzigo wa zile zilizofungwa, na baadhi ya watu hurudi kwa ajili hiyo baada ya miaka. Vyuma vyenyewe kwa kawaida havitolewi, isipokuwa vimelegea, vinachoma au vimeingia wadudu. Ganzi ikitokea sehemu za siri, mkojo ukigoma au mguu ukilegea ghafla, nenda dharura usiku huo huo, usisubiri siku ya kliniki.