GMAT ya mtandaoni ukiwa Moshi: uzoefu wangu kwa wanaoomba MBA wakiwa bado chuoni

Nimefanya GMAT ya mtandaoni, yaani mtihani wa kuombea MBA (shahada ya uzamili ya biashara), mara mbili, zote hapa Moshi, na naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetaka kuomba shule za biashara za nje, huduma hii inamwondolea nauli na gesti ya kufuata jiji lenye kituo cha mtihani. Unafanyia chumbani kwako. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu masharti yake yanataka nyumba ambayo umeme haukatiki na paa halipigi kelele. Anayejiandaa hesabu peke yake anaweza kuangushwa na ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani.

Kalenda kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Kijana ambaye hajaanza kazi haombi kwa mlango uleule wa wenye uzoefu wa miaka mitano. Harvard ya Marekani wana mpango unaoitwa 2+2: unaomba ukiwa mwaka wa mwisho, ukikubaliwa unakwenda kufanya kazi angalau miaka miwili, ndipo unaingia darasani. Stanford nao wana utaratibu wa kukubali mapema na kuahirisha kuanza. Yale, kupitia Silver Scholars, wanamchukua mtu moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Dirisha la 2+2 hufungwa Aprili, na Aprili kwetu ni katikati ya masika. Mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, hata mtu aliye chumba kimoja na wewe humsikii, na kipaza sauti cha kompyuta kinanasa kelele hizo zote. Radi zinakuja na umeme kukatika. Ongeza kwamba ukitaka kurudia mtihani lazima zipite siku 16, na huruhusiwi zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Kwa hiyo jaribio la kwanza liweke Januari, wakati wa kiangazi, na la pili liwe Februari kama litahitajika. Anayesubiri Machi, jaribio la pili litamkuta kwenye mvua. Alama zinadumu miaka mitano, hivyo hakuna hasara kuwahi.

Sasa umeme. Kompyuta mpakato yenye betri nzima itavumilia: mtihani wenyewe ni saa 2 na dakika 15, na ukijumlisha ukaguzi wa mwanzo na mapumziko, hesabu saa 3. Kinachokufa umeme ukikatika ni intaneti. Kama unatumia faiba, mara nyingi kuna vifaa viwili ukutani, kile kisanduku ambacho waya wa faiba unaingia na ruta yenyewe, na vyote vinahitaji umeme. Watu hununua betri ya akiba ya ruta, wakasahau kisanduku, kisha wanashangaa Wi-Fi ipo lakini intaneti haipo. Geuza kila kifaa usome chini yake. Kikiandikwa volti 12 na ampea 1, kinakula wati 12 kwa juu kabisa, sawa na wati-saa 36 kwa saa 3. Betri ndogo za ruta huuzwa kwa mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), na namba hiyo kwa kawaida inahesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo iliyoandikwa 10,000 ina wati-saa 37 tu, na sehemu yake inapotea njiani kwenye kupandisha volti. Inatosha kifaa kimoja kwa shida. Kwa viwili, chukua mbili au kubwa zaidi ya mara mbili. Hakikisha pia volti inalingana, kwa sababu ruta ya volti 9 ukiichomeka kwenye 12 unaweza kuiunguza usiku wa kuamkia mtihani. Baada ya kununua, zima swichi kuu ya nyumba na uangalie video kwa saa 3 mfululizo. Jaribio hilo ndilo pekee ninaloliamini.

Hotspoti ya simu usiitegemee. Mtandao wa simu unayumba, na simu yenyewe inatakiwa ikae mbali na mkono wako mtihani ukianza. Chomeka waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta kama urefu unaruhusu, kisha waombe wa nyumbani wasipakue chochote. Siku kadhaa kabla, fanya jaribio la mfumo kwenye kompyuta ileile, chumba kilekile, saa ileile. Kompyuta ya ofisini kwa mtu iachie hapohapo, kwa kuwa kinga zake za mtandao mara nyingi huizuia programu ambayo msimamizi wa mtihani anakutazamia.

Chumba kiwe na mlango unaofungwa na meza tupu kabisa. Ukaguzi unafunguliwa dakika 30 kabla: unapiga picha ya uso, pasipoti na pande nne za chumba kwa simu, kisha unaiweka simu mahali usipoifikia. Mtu yeyote akiingia, hata mtoto aliyekuja kuuliza chakula, mtihani unaweza kusimamishwa palepale. Waambie na majirani. Pia kuna jambo linalotuponza sisi tuliozoea kusoma kwa sauti ya chini: kunong'ona maswali kunahesabiwa kosa. Jizoeze kusoma midomo ikiwa imetulia wiki nzima kabla.

Karatasi hairuhusiwi. Unaruhusiwa ubao mweupe mmoja usiozidi takriban sentimita 30 kwa 50, maka mbili na dasta moja, na kuna ubao mwingine ndani ya skrini ya kompyuta ambao kwa kuandika hesabu naona ni wa polepole mno. Ubao wa ukubwa huo tafuta stesheneri mapema, na maka nunua zenye ncha nyembamba, kwa sababu nene zinajaza ubao kwa maswali mawili. Zijaribu kama zinafutika. Zipo zinazoacha kivuli, na mwisho wa mtihani unatakiwa kuonyesha ubao ukiwa umefutwa mbele ya kamera.

Jina kwenye usajili liwe lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tunatumia majina matatu, na kosa la kawaida ni kuacha jina la katikati wakati pasipoti imeliweka pamoja na la kwanza. Kama cheti cha chuo kina tahajia tofauti na pasipoti, nenda kwa wakili ukapate hati ya kiapo sasa hivi, usingoje kuulizwa. Malipo ni kwa kadi, na andaa dola kama 300. Kadi nyingi za benki hapa zinakuja zikiwa zimezimwa malipo ya mtandaoni au zina ukomo mdogo kwa siku. Yangu ilikataliwa kwa sababu hiyohiyo, na dawa ilikuwa ombi la dakika kumi kwenye dawati la huduma.

Saa ya mtihani nayo ina mtego wake. Skrini inaandika 14:00, na hiyo ni saa nane mchana. Ukiona 9:00 ya usiku ni saa tatu usiku, lakini 3:00 ya alasiri ni saa tisa. Andika miadi yako kwa Kiswahili kwenye karatasi, ubandike ukutani hadi siku moja kabla, na uhakikishe umechagua majira ya Afrika Mashariki.

Mtihani una sehemu tatu, kila moja dakika 45, na unachagua mpangilio: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa takwimu 20. Ukigawanya, unapata takriban sekunde 129 kwa swali la hesabu, 117 kwa la lugha na 135 kwa la takwimu. Mapumziko ni mara moja, dakika 10. Kikokotoo kipo kwenye takwimu peke yake, na hapo ndipo waliosoma EGM au PCM, michepuo yenye hesabu ya kidato cha tano na sita, wanapokwama, kwa sababu mkono umezoea kikokotoo cha kisayansi hata kwenye 15 mara 16. Jiometri haimo tena. Kinachopimwa ni tabia za namba, asilimia, uwiano, na zaidi ya yote, kujua lini uache kukokotoa.

Tazama swali la aina ya kutosheleza, linaloulizwa kwenye sehemu ya takwimu. Je, x ni kubwa kuliko 3? Taarifa ya kwanza: x kipeo cha pili ni 16. Taarifa ya pili: x ni chanya. Mwenye haraka anasema x ni 4, taarifa ya kwanza inatosha. Haitoshi, kwa sababu x inaweza kuwa 4 au hasi 4. Ya pili peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa 1 ni chanya na 10 ni chanya. Zikiunganishwa, x ni 4 na jibu limepatikana. Swali halitaki thamani ya x, linataka kujua kama taarifa zinatosha, na shule zetu hazikutuzoeza swali la namna hiyo. Lifanyie mazoezi hadi uache kutafuta jibu la mwisho.

Unaweza kurudi kubadilisha majibu matatu tu kwa kila sehemu, na kuacha maswali bila kujibu kunashusha alama kuliko kukosea machache. Ikibaki dakika moja, jaza yote. Alama zinaanzia 205 hadi 805 na zote zinaishia na 5. Ushauri mwingi unaozunguka ni wa mtihani wa zamani uliokoma Januari 2024, kwa hiyo anayekwambia utafute 700 anazungumzia kipimo kingine: 645 ya sasa iko karibu na 700 ile. Kwenye mba.com, tovuti rasmi ya GMAT, kuna majaribio mawili kamili ya bure. Usiyamalize wiki ya kwanza. Moja lifanye mwanzo, lingine wiki mbili kabla, kwenye meza ileile na ubao uleule.

GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, nayo inapokelewa na shule hizo na inaweza kufanyiwa nyumbani. Mwenye msamiati mpana wa Kiingereza na hesabu za wastani aijaribu kwanza.

Kwenye fomu ya maombi, GPA (wastani wa alama zako za chuo) iandike kama ilivyo kwenye kipimo chetu cha 5.0. Usiigeuze kuwa 4.0 kwa kanuni uliyookota mahali, shule zinakijua kipimo chako zikiona matokeo. Tarehe ya kumaliza pia iangalie: mitihani inaisha Julai lakini mahafali hufanyika karibu na mwisho wa mwaka, na 2+2 wanataka umalize ndani ya kipindi walichotaja. Waandikie barua pepe mapema ukieleza tofauti hiyo.

Mhadhiri akikwambia uandike mwenyewe barua ya mapendekezo naye asaini, kataa kwa heshima. Mpelekee ukurasa mmoja wenye kazi ulizomfanyia, alama na tarehe, umwambie, "Mwalimu, hivi ndivyo vitakusaidia kukumbuka," kisha umwelekeze atafute kiungo cha shule kwenye kasha la barua taka, kwa sababu mara nyingi kinaangukia huko. Mpe wiki sita.

Kuhusu siku ya mwisho ya kutuma maombi: saa sita mchana ya Boston, walipo Harvard, mwezi Aprili ni saa moja jioni hapa Moshi. Kwa maombi yanayofungwa Januari ni saa mbili usiku, maana wao wamesharudisha saa nyuma. Tuma jana yake, asubuhi, betri ya ruta ikiwa imejaa.