Kamera za USGS kwenye volkano ya Kilauea: nyota tano

Sisi wa Goma huutazama mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, kabla ya chai, kwa hiyo kamera hizi za bure za wanajiolojia wa Marekani zilininasa upesi. Hawaii, iliko Kilauea, iko nyuma yetu kwa saa 12 kamili: kwetu saa sita mchana, kule ni usiku wa manane na kreta ya Halemaʻumaʻu inang'aa kwelikweli. Hakuna mtangazaji wa kupiga kelele, asante Mungu. Ila usiishie kwenye picha. Fungua pia grafu ya vipima mwinamo, yaani vifaa vinavyoonyesha ardhi inavyoinama. Kilele huvimba taratibu kwa siku kadhaa, kisha chemchemi za lava zikianza kuruka, kinanywea. Mwaka 2025 baadhi zilipita mita 300! Bando linaisha haraka, lakini Nyiragongo wetu ukiwekewa kamera kama hizi, hata kulipia nitalipia.