CryptoKitties: paka wanaoficha urithi wao

Mtoto wa kwanza niliyemzalisha katika CryptoKitties, mchezo wa kununua na kuzalisha paka wa kidijitali, alitoka na mdomo ambao hakuwa nao mama yake wala baba yake. Nilidhani mchezo umebahatisha tu, mpaka nilipofuatilia ukoo wake na kumkuta bibi yake, kwa upande wa mama, akiwa na mdomo uleule. Mchezo huu ulizinduliwa mwaka 2017 juu ya Ethereum, mtandao wa blockchain (daftari la kidijitali la kumbukumbu za miamala), na anayeutazama juujuu ataona vikatuni vya paka tu; thamani yake halisi imo katika urithi.

Kila sifa, iwe umbo la macho, rangi ya manyoya au mabaka, hubebwa na jeni nne: moja tawala, ambayo ndiyo inayoonekana, na tatu fichi. Kwa kila mzazi, jeni tawala ina uwezekano wa asilimia 37.5 wa kuonekana kwa mtoto, fichi ya kwanza takriban 9.4, ya pili 2.3, na ya tatu haifiki hata 1. Kwa hiyo, hata ukiwapandisha paka wawili wenye macho yanayofanana kabisa, robo ya nafasi imebaki mikononi mwa jeni usizoziona. Zaidi ya hayo, jeni mbili mahsusi zikikutana huweza kuzaa sifa mpya kabisa. Waundaji hawakuitangaza kanuni hii. Wachezaji ndio walioifumbua, jambo ambalo kwangu ni nusu ya utamu wenyewe.

Sikubaliani na kila uamuzi wao. Paka hawana jinsia, hivyo aliye mama leo aweza kuwa baba kesho, na hilo ni sawa. Lakini mzazi hapandishwi na mwanawe, wala paka waliochangia mzazi hawapandishwi wao kwa wao, ilhali wafugaji wa kweli hutumia njia hiyo hiyo kuimarisha sifa katika ukoo. Matokeo yake, anayetaka kuithibitisha sifa moja hulazimika kutafuta damu ya nje kila mara, tena kwa kulipia ada ya muamala ya Ethereum ambayo hupanda na kushuka bila kumjali mtu. Itakumbukwa kwamba Desemba 2017 paka hawa waliusonga mtandao mzima wa Ethereum.

Muda wa kupumzika baada ya kupandishwa nao huongezeka kila mara, kuanzia dakika 1 hadi wiki nzima, kwa hiyo paka aliyezaa sana hushuka thamani. Anayenunua asidanganywe na sura. Atazame kwanza fichi ya kwanza na idadi ya watoto. Ninayemthamini kuliko wote ni wa kijivu, hana lolote la kutazamwa, ila fichi zake mbili za kwanza zimebeba macho ninayoyatafuta. Kwa sasa yumo katika mapumziko ya siku 2.