Uzoefu wangu: mpira wa kitako wa milimita 25 kwenye BRNO ZKK 600 ya zamani

Mpira huu unafungwa mwisho wa kitako cha bunduki ili kupunguza teke lake begani. Ni wa aina inayouzwa ikiwa kubwa kuliko kitako, kisha unausaga mpaka ulingane. Umefungwa kwenye BRNO ZKK 600, bunduki ya kuwindia inayotumia risasi za .30-06, iliyotoka kwa kaka yangu, na sasa inatumiwa na binti yake, mtu mzima mwenye mikono mifupi kuliko ya baba. Mpira naupa alama nne kwa tano. Kazi ya fundi naipa mbili tu, na kosa lake lilikuwa la hesabu.

Kabla ya bisibisi, karatasi. Leseni ya silaha hapa Tanzania ni ya mtu na hairithiwi pamoja na bunduki, kwa hiyo malizaneni na polisi kwanza, kisha mtafute fundi anayeruhusiwa kisheria kushika silaha.

Sasa hesabu. Urefu wa kitako unapimwa kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Hii ilikuwa milimita 352 pamoja na kibao cha plastiki cha milimita 6, maana yake mbao peke yake ni 346. Tulitaka 330. Mpira una 25, hivyo mbao ibaki 305, na cha kukata ni milimita 41. Fundi alitoa 352 kutoa 330, akakata 22. Mpira ulipofungwa, kitako kikasimama kwenye 349: milimita tatu tu chini ya pale tulipoanzia! Ikabidi akate tena 19. Mwandikieni fundi wako namba ya mbao inayobaki, si namba ya kukata.

Kipimo cha 330 hakikutoka kitabuni. Bunduki tupu ikiwa begani, kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa triga panatakiwa kupita vidole viwili hadi vitatu, na triga iguswe na nyama ya ncha ya kidole, si kwenye kiungo. Pimeni akiwa amevaa koti la porini, maana koti nene linakula sentimita nzima.

Kukata kwenyewe: zungusha selotepu ya karatasi, chora mstari sambamba na mwisho wa zamani, tumia msumeno wa meno madogo. Mshazari ukibadilika, ncha ya chini ya kitako itachoma kifua kila risasi. Hakikisha pia pete ya mkanda haikaribii mno mwisho mpya. Matundu ya skrubu za zamani yakibaki, ziba kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi (sisi tulitumia mninga) kisha toboa upya. Mbao iliyokatwa ipakwe vanishi mara mbili kabla ya mpira, la sivyo itanyonya unyevu wa masika na kuvimba.

Kilichonifurahisha kwenye mpira ni namna skrubu zinavyojificha. Unachana kijipasuo kidogo kwa wembe, unapaka grisi kwenye bisibisi, inazama, ukiitoa mpira unajifunga na huoni alama. Usipopaka grisi unararuka. Teke limepungua waziwazi, hasa kwa risasi za grain 150 (grain ni kipimo cha uzito wa risasi). Za grain 180 bado zinasukuma, na mjifunzaji hazimfai kuanzia.

Jambo linalosahaulika ni darubini. Kitako kikifupishwa, jicho linasogea mbele, na darubini inayotaka nafasi ya sentimita 9 kutoka jicho itampasua mpigaji nyusi. Isogezeni mbele kwa kiasi hicho hicho, hapa milimita 22 (352 kutoa 330). Yetu, vitufe vyake vya kurekebishia shabaha viligonga pete zinazoishika, tukahitaji darubini yenye bomba refu zaidi. Na pete za ZKK ni za reli ya milimita 19. Zile za milimita 11 za BRNO ndogo za .22 hazishiki, msinunue kwa sababu tu jina limefanana.

Halafu sefti, yaani kitasa cha usalama kinachozuia bunduki kufyatuka. ZKK nyingi za zamani ziko kinyume na bunduki za leo: kusukuma mbele ni kufunga, kuvuta nyuma ni kufungua. Hakikisheni kwenye yenu ikiwa tupu, chemba imetazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole, kisha wekeni doa jekundu upande wa kufyatua. Huyu binti afanye zoezi hilo mara nyingi kabla ya kupewa risasi hata moja.

Shabaha tulianza mita 25, kisha mita 100 tukaiacha ipige sentimita 5 juu ya katikati ya shabaha, ambayo kwa grain 150 inarudi katikati karibu na mita 200. Baada ya risasi 20 kazeni tena skrubu zote. Kwenye hii, ya chini ya mpira ilikuwa imelegea robo mzunguko.