Transfoma ya wati 500 kwa kompyuta ya Marekani: nzuri, ila wengi hawaihitaji

Transfoma hizi za kushusha umeme kutoka volti 240 hadi 110 hununuliwa Kampala na wenye kompyuta za mezani zilizotoka Marekani. Ni nzito lakini imara, na kompyuta ya ofisini pamoja na skrini yake haizitoi jasho. Usiipe zaidi ya wati 350 mfululizo; hupata moto.

Kabla ya kulipa, geuza kompyuta usome lebo ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoingizwa waya wa umeme. Ikisema 100–240V, 50/60Hz, umepona: nunua waya tu wenye plagi ya pini tatu bapa, yenye fyuzi ndani. Ukiona swichi ndogo nyekundu yenye 115, chomoa waya, isukume kwa bisibisi mpaka 230 itokeze. Tafadhali usilisahau hili. Kwenye 115 saketi huzidisha umeme mara mbili, hivyo ukiipa 240 kila kapasita (kopo dogo la ndani linalohifadhi umeme) hupokea zaidi ya volti 300 wakati imetengenezwa kwa 200 tu. Hupasuka kwa kishindo, na harufu yake haitoki leo wala kesho.

Transfoma inawafaa wenye kifaa kilichoandikwa 120V peke yake. Kwa printa ya leza ya aina hiyo, wati 500 hazitoshi kabisa. Chukua 1,500 au zaidi.

Upungufu wake mkubwa: haitulizi umeme. Laini ikishuka hadi 200, kompyuta inapata kama 92. Weka stabilaiza kabla yake.