Canon R6 Mark II usiku Dodoma: tripodi inabaki nyumbani

Wadau wangu, habari za usiku! Tuko Nyerere Square, katikati kabisa ya Dodoma, na huo mvumo mnaousikia kwenye maiki ni upepo wetu wenyewe. Mkononi nina Canon EOS R6 Mark II. Ilitoka 2022, megapikseli 24, mengine mnayajua. Leo nina jambo moja linalonipa raha kuliko yote: stabilaiza iliyomo ndani ya bodi, yaani kifaa ndani ya kamera yenyewe kinachofidia mtikisiko wa mkono wako.

Angalieni. Lenzi ni ya 35mm, f/1.8; hiyo f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Kwa kanuni ya zamani, ukiishika mkononi usishuke chini ya shata ya 1/40, yaani kuacha mwanga uingie kwa sehemu moja ya 40 ya sekunde, ukishuka picha inacheza. Mimi naweka 1/5. Viwiko nabana mbavuni, natoa pumzi taratibu, nabonyeza kwa ulaini. Haya, nakuza kwenye skrini. Mnaona kile kibao cha duka ng'ambo ya barabara? Herufi zote zinasomeka, mpaka namba ya simu. Sasa nazima stabilaiza, nimesimama palepale, shata ileile: herufi zimekuwa mbilimbili. Nawasha tena. Zinasomeka! Jamani, hii kitu!

Kwa nini nashangilia hivi? Kutoka 1/40 hadi 1/5 mwanga unaoingia umeongezeka mara 8. Pale ambapo ningepanda ISO 12800 (ISO ni kiasi kamera inavyoukuza mwanga), nimepiga kwa 1600, na chenga, zile nukta nukta, kwenye anga jeusi zimepungua sana. Canon wanataja hadi stopu 8 kwa baadhi ya lenzi; kila stopu ni muda wa shata mara mbili. Mtaani, kwa upepo huu, mimi nahesabu 3 au 4 na nimeridhika kabisa. Tripodi nyepesi upepo huu unaitetemesha, na ukiitandaza njiani watu wanajikwaa.

Ila kuna wauzaji wanawaambia watu kwamba stabilaiza inagandisha kila kitu. Si kweli, na inaniudhi kwa sababu mtu anatoa mamilioni yake kwa neno hilo. Twende kwa kaka wa chipsi hapa. Kaka, samahani, naomba nikupige picha, endelea tu na kazi. Asante sana. Kwa 1/5: kabati la kioo limetoka wazi, chupa ya tomato imetoka wazi, lakini mkono unaogeuza mayai umekuwa kama moshi. Stabilaiza inatuliza mkono wangu, wa kwake haiujui. Napandisha 1/100, f/1.8, ISO 6400. Mkono umeganda, na matone ya mafuta yanaonekana yakiruka!

Hapo lenzi ndiyo imefanya kazi, kwa ule uwazi wake wa f/1.8. Kwa hiyo wewe mwenye Canon 200D na ile lenzi ya 18-55, ukiivuta mpaka 55 uwazi wake ni f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Nunua hiyo kwanza, bodi baadaye.

Mtaniuliza kuhusu mshindani wake, Sony A7 IV. Ina megapikseli 33, ukikata picha unabaki na nafasi, hilo nalikubali. Kwa upande wa stabilaiza wao wanataja stopu 5.5. Zote mbili Marekani zilitoka kwa dola 2,499, bodi pekee, kabla hujafikiria kuisafirisha mpaka huku. Kwa kupiga usiku mkononi, mimi nachagua hii.

Ah, kabla sijasahau: nikipata kibali, kipindi kijacho ni stesheni ya SGR usiku, bonyezeni kengele.

Na wale watakaotoka leo leo kupiga: taa nyingi mjini siku hizi ni za LED na umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo taa hizo huweza kupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya kielektroniki yenye kasi chini ya taa hizo huweza kukuletea michirizi ya giza kwenye picha. Ndiyo maana kwa kaka wa chipsi nilichagua 1/100. Weka shata ya kawaida, 1/50 au 1/100, upige.